Kiambaza cha D

Mstari wa C umegeuka mwekundu.
"Nafasi haitoshi," inasema kompyuta ya baba,
na mie sijafungua kitu,
nataka tu kuandika barua ya kulalamikia bili ya maji.
Jirani yake, D, ni ukumbi uliofagiwa,
mna kikapu kimoja tu pembeni.

Baba ndiye aliyeigawa.
Aliinunua Chake, mtumba wa ofisi, kwa pesa za karafuu,
akaipakata hadi Wete imefungwa shuka
kama kichanga kinachotoka hospitali.
Usiku uleule akaikata diski mapande mawili.
C hakuipa jina. D akaiandika "Konde".

Nasi twaijua Konde.
Nyumba ya pili, njia ya Ngezi,
zamu alizorudi akinukia sabuni siyo yetu.
Mama hakuisema. Kila Ijumaa
hukipangusa kioo kwa upindo wa kanga,
polepole, pembe hadi pembe,
ila akifika kwenye ile D mkono huharakisha,
kama mpita njia mbele ya mlango wa mtu.

Sasa eda imetoka. Mirathi imegawiwa:
mikarafuu thelathini na mmoja,
thumni moja kwa wake wawili,
kila mmoja nusu ya thumni, mpaka kwenye tawi.
Diski hakuna aliyeitaja mbele ya kadhi.
Ilikuwa imeshagawiwa.

Basi nikampigia Shaame, wa Konde,
baba mmoja, ziwa siyo moja,
anayetengeneza simu Machomanne.
Akaja na fleshi shingoni kama hirizi.
"Da Bimize, hubomoi ukuta watu wamo ndani.
Twahamisha kwanza. Halafu twaifuta D. Halafu twaivuta C."
Kumbe katikati yao mna kijipande,
megabaiti mia nne na hamsini, hakina hata herufi,
kimekaa mpakani kama choo cha jirani.
"Na hiki?"
"Hiki kina njia yake."

Mita ya Tukuza ikalia: yuniti tatu.
Nikamtuma mtoto dukani mbio.

Tukafungua kikapu.
Hamkuwa na barua ya mahaba, hamkuwa na picha.
Jedwali. Miaka kumi na miwili ya jedwali, safu mbili:
mchele, mchele. Sukari, sukari.
Viatu vya Bimize, 14,500. Viatu vya Shaame, 14,500.
Mafuta ya taa yamepimwa hadi shilingi ya mwisho,
kazi ya mtu anayeogopa kufufuliwa
upande mmoja umeinama.
Mahali pamoja tu, mwezi wa Shaabani,
safu ya kushoto imezidi: kashata, 500.
Sikuuliza kushoto ni kwa nani.
Shaame naye aliona, akasogeza kipanya.

"Data zote zitapotea. Endelea?"
Kidole chake juu ya kitufe, macho kwangu.
Nikamwambia: kwani si zimo shingoni mwako?
Akabonyeza.

Asilimia kumi. Arubaini. Arubaini bado.
Mama akachungulia toka jikoni, unga mikononi.
"Imekwisha?"
"Usizime kitu, mama."
"Nani kazima? Mwambie huyo asiondoke, kuna chapati za maji."

Ilipowaka tena, C ilikuwa pana, buluu, peke yake.
Tukazirudisha jedwali kutoka kwenye fleshi,
folda mbili ubavu kwa ubavu, Wete na Konde,
mashine ikazipanga kwa alfabeti,
kwa hiyo Konde mbele.
Shaame akacheka. Mie pia, baadaye kidogo.

Mama akaja na upindo wake wa kanga,
akakipangusa kioo, pembe hadi pembe,
akafika pale palipokuwa na D.
Hapakuwa na kitu.
Mkono ukaharakisha vilevile.