Sindano ya Eirlys

Magodoro tuliyarithi kwa shule iliyofungwa;
viraka sasa vimeyazidi magodoro yenyewe.

Eirlys, karani wa posta, alianza na watoto sita
ghalani, huku bondeni Wales,
mwaka ule mgodi ulipozibwa mdomo.
Boriti ya kwanza alichonga mumewe, Gethin:
ilipinda kidogo kushoto,
ndiyo maana mabingwa wetu, wote wawili,
hutua wakiegemea kulia.

Halipwi mtu. Daftari la zamu lasema:
Jumanne Mair, chaki. Alhamisi Idris, choo.
Kodi hutoka kwenye keki.

Jana mjukuu wake alipinduka mara mbili hewani.
Ukumbi ulilipuka. Eirlys, themanini na moja,
hakupiga makofi:
alikuwa amepiga magoti pembeni,
uzi mdomoni,
akishona godoro
atakaloangukia kesho.