Jina la Januari, Mtoto wa Agosti

Daftari la kwanza linanuka kuvu na nta.
Nimelishusha kabatini kwa ajili ya Goulven Prigent,
fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha njegere za kopo,
aliyeingia asubuhi na buti zenye majimaji ya kijani
akasimama mbele ya meza yangu, akasema: Tiphaine.
Mtoto ana siku tatu. Mama yake bado yuko hospitali.
Tiphaine, akarudia, kana kwamba mimi ni kiziwi
au jina lenyewe linaona haya.

Miaka thelathini na tisa nawaandika watu wa Kerdrein.
Nimeandika majina ya maua, ya waigizaji,
ya miji ambayo wazazi hawajafika wala hawatafika.
Hili sijaliandika tangu nilipokuwa na nywele nyeusi.

Lilitoka mbali, nikamweleza
(nani mwingine huniuliza?),
lilitoka kwa Wagiriki likiwa refu: Theophania,
Mungu amejitokeza.
Likaingia vinywani mwa watu wetu, likasuguliwa
kama sabuni ya nyumba yenye watoto wengi
hata kikabaki kipande hiki kinachoenea kiganjani.
Walipewa wasichana waliozaliwa siku ya Tokeo la Bwana,
sita Januari, siku ya keki yenye harage ndani:
atakayeling'ata huvishwa taji la karatasi
na kuwa malkia mpaka vyombo vioshwe.

1691. Tiphaine, binti wa mwezekaji wa mapaa ya mawe.
1702. Tiphaine, binti wa mjane; penye jina la baba pana doa la wino.
Na huyu wa 1709, aliyeishi siku tisa:
kasisi ameandika kifo chini ya ubatizo
kwa wino uleule, hata kalamu hakuibadili.

Kisha kimya. Marie juu ya Marie juu ya Marie,
karne mbili na ushei.
Jina likawa adimu kama maziwa ya kuku,
limelala humu, kati ya kurasa zilizogandana.

Nani aliliamsha, sijui.
1986 alikuja muuguzi kutoka Rennes, akaliandikisha, watu wakacheka.
Mwaka uliofuata walikuja saba.
Ule mwingine, kumi na wawili.
Mwalimu wa chekechea akiita Tiphaine
nusu ya darasa hugeuka, na mbwa wa jirani pia.
Na kila mama aliniinamia mezani, akaninong'oneza:
nimetafuta jina ambalo hakuna mwingine analo.
Nami niligonga muhuri nikanyamaza,
maana wa tatu kati ya hao kumi na wawili ni wangu.
Nilidhani nimemvumbulia.
Shuleni aliitwa Tiphaine K., kama kabati la ofisi.
Siku moja alirudi akaniuliza, hivi hukuwa na jina lingine?
Nikamwambia historia yote, wezekeo, mjane, harage.
Akasema ana njaa.

1997, mmoja, wa mwisho. Kisha likapita
kama zilivyopita zile suruali pana.

Goulven alikuwa anatazama saa. Zamu yake saa nane.
Nikasema, lakini wako amezaliwa Agosti.
Akaifuta mikono yake kwenye koti, bila faida,
akasema: kwani kutokea kuna mwezi?

Sikuwa na jibu la kiserikali.
Nikaandika, taratibu, kwa herufi kubwa.
Akatia sahihi, akaacha kidole cha grisi kwenye pambizo
(atakayelifungua baada ya miaka mia tatu na ajiulize),
akatoka, akasahau mwavuli, akaurudia, akatoka tena.

Nikapiga simu Lyon, ingawa ni Jumanne
na sisi huongea Jumapili.
Kuna nini? akauliza. Nani amekufa?
Hakuna, nikasema. Mwenzako ametokea.

Nikasikia jiko lake, maji yakichemka, redio.
Kisha: wamemwandika kwa ph, au kwa f?