Puto la Saa Kumi

Saa kumi kasorobo alfajiri, Salala.
Manyunyu hayanyeshi, yamesimama tu hewani
kama watu waliosahau walichofuata jikoni.
Shinuna ananikabidhi shingo ya puto:
"Shika. Usilikabe kama kuku wa sikukuu."
Heliamu inaingia kwa mluzi,
mpira mweupe unavimba, unanivuta mabega,
na chini yake, kwenye uzi, kisanduku
chepesi kuliko mkate wa mofa.

Naachia.
Kufumba na kufumbua halipo,
ukungu umelimeza bila kutafuna.

Ndani, kompyuta inasoma:
ishirini na tano. Ishirini na nne.
Ishirini na mbili nukta sita.
Hewa ikipanda hupoa, hilo nalijua.
Mita mia saba na ushei, namba inaruka:
ishirini na tisa,
thelathini na mbili.
Nasema kihisio kimeharibika.
Shinuna anacheka, ananimiminia kahawa.
"Hicho ni kifuniko. Jangwa limelala juu ya bahari.
Hewa kavu ya Rubu al-Khali imeukalia mvuke,
mvuke haufurukuti, haugeuki radi.
Ndiyo maana milima inalowa miezi mitatu,
magari ya wageni wa Dubai yanazama topeni,
na ngurumo husikii hata ya kusingizia."

Mlinganyo nimeuandika mara nne.
Mara zote nne nimekosea alama:
penye jumlisha nimeweka toa.
Upepo, anasema, hauendi unakosukumwa.
Kanieneo linausukuma huku,
dunia inajizungusha chini yake,
nao unaishia kupita ubavuni,
unauzunguka upungufu
kama mdeni anayezunguka duka.
Kaskazini ya ikweta hupinda kulia.
Kusini, kushoto.
"Na penye ikweta yenyewe?"
"Sifuri. Pale hakuna mkono unaouvuta."

Jana nilimchorea mama
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
upepo unatoka kwenu huku, unakwenda kushoto,
unavuka mstari, unabadili mkono,
kulia, kulia tena,
mpaka unatugonga hapa ukitokea kusini-magharibi.
Mama, aliyezaliwa Wete,
aliyepanda ndege mwaka wa sabini na mbili
na sanduku la bati na pasi ya mkaa,
aliutazama mshale hadi chai ikaota utando.
"Kwa hiyo hii harifu yao ndiyo kusi letu?"
"Ndiyo hiyo hiyo."
"Wakalibadilisha jina tu."
Akachukua kalamu. Pale penye sifuri
akatia kitone, akakikoleza
karatasi ikatoboka.
Sikumuuliza.
Aliuliza yeye, kama aanue nguo.
Nikamwambia kunyeshewa hazitanyeshewa,
na kukauka, mama, hazitakauka
mpaka Septemba.

Saa kumi na moja na nusu puto linapasuka,
kilomita thelathini juu, ambako upepo
unatoka mashariki na hauna habari na wa chini.
Kisanduku kinaanguka upande wa Yemeni.
Hakuna atakayekifuata.
Shinuna amesinzia na kikombe mkononi.
Mimi nafuta ile toa,
napuliza vumbi la ufutio,
linakwenda, nauona mkono wangu ukilifuata,
kidogo, kulia.
Au ni feni.