Kisanduku cha Nne

Fomu ina visanduku sita. Vitano nimejaza:
jina, Nanjala; nilikotoka, chuo cha Kakamega;
masomo yaliyokubaliwa, kumi na moja;
yaliyokataliwa, manne, likiwemo la Uhasibu wa Gharama
lililonitoa jasho.
Cha nne kinanikodolea jicho: Fani Kuu.

Bi. Moraa wa dirisha la tatu hainui uso:
"Ijumaa, saa kumi na moja. Usiache wazi."
Baba kwenye simu: "Andika chochote chenye mshahara."
Chepkirui, mwenzangu wa chumba kule Ngara, ananicheka;
tangu kidato cha pili alijua atapima ardhi.
Mimi najua tu nisichokitaka,
na hicho hakina kisanduku.

Alhamisi nikapotelea Barabara ya Kirinyaga,
nikasimama mbele ya fundi wa mizani.
Za bucha, za sukari, za posho,
zimelala vifua wazi.
"Hii hudanganya gramu arobaini," akasema.
"Si mwenye duka. Ni springi. Chuma nacho huchoka."
Huchoka vipi?
Akanitazama kama mteja asiyenunua.
"Hilo, dada, waulize huko kwenu chuoni."

Saa nzima ikaisha. Chai ikapoa mkononi.

Leo, saa kumi na moja kasorobo.
Naandika kwa penseli, herufi ndogo,
neno ambalo Baba ataniomba nilirudie.
"Kalamu," asema Bi. Moraa.
Nakoleza wino juu yake.
Mkono unatikisika,
labda gramu arobaini.