Masahihisho

Babu Ambakisye alianza na sanduku moja la herufi,
nusu kaliazima misheni, nusu hakuwahi kusema.
Sokomatola, nyuma ya fundi baiskeli,
baridi ya Julai ikigandisha wino
hadi bibi alipakate kopo
kama mtoto mwenye homa.

Kitabu cha kwanza kilihusu udongo wa Rungwe.
Nakala mia tatu. Zikauzika arobaini na moja.
Moja ililipiwa debe la mchele wa Kyela,
na imo daftarini, safu ya "taslimu".

Cha pili, sarufi ya Kinyakyusa, kikagoma:
sandukuni hamkuwa na i yenye mstari.
Bibi Subilaga akayeyusha risasi kwenye kijiko,
wiki tatu dirishani,
akizivisha mshipi zile i, moja moja,
tupa mkononi, vidole vimeungua.
Kwenye dibaji, mwandishi alimshukuru
msimamizi wake, wizara, na Mungu.

Mimi nilikulia kwenye masahihisho.
Miaka saba, nabandika vikaratasi kwa uji wa sembe:
*Uk. 112, mstari wa 9, badala ya "mvuto" soma "mvua".*
Nilidhani dunia yote iko hivyo,
mtu mzima anakosea,
kisha anakuja mtoto na gundi.

Halafu babu akafa, na baba mdogo Tumwitike
akabeba mashine ya kukatia karatasi, sehemu yake ya urithi.
Ndiyo maana vitabu vya mwaka ule
vina kingo kama zimetafunwa na panya.
Wasomi hudhani ni mtindo.
Baba alikata kwa kisu cha jikoni, akinung'unika,
na jina la nduguye hakulifuta jaladani:
"Mwalugaja na Wanawe". Wanawe, wingi.

Jana mhadhiri kaagiza sarufi, nakala sita.
Nimezitoa stoo, zinanuka moshi na pareto.
Nimefungua dibaji.
Nimekaa.

Leo nimechapa vikaratasi sita:
*Uk. v, mstari wa mwisho, baada ya "Mungu" ongeza:
"na Subilaga, aliyezivisha i mshipi."*

Gundi ya dukani ipo, chupa nzima.
Nimekoroga uji.