Upawa wa Stoyanka

Zlatina ananiambia: usipumue.
Sipumui.
Nimeshika kadi nyeupe, upana wake kama sinia,
mwanga unaigonga, unarudi, unaangukia
ubavu wa upawa wa supu
tuliouazima kwa jirani.

Chumba hiki kilikuwa cha fundi viatu.
Harufu ya gundi imegoma kuhama,
na ukivua soksi, misumari midogo ya sakafuni
bado inakusalimu.
Nje ni Plovdiv, Januari, kiza kimeingia mapema,
theluji iliyokanyagwa imekuwa rangi ya chai ya maziwa.
Ndani kuna taa moja, kitambaa cha kijivu,
na chombo kilichozoea mchuzi wa maharagwe,
leo kimekalishwa kama bwana harusi.

Nilifungasha tumbaku miaka kumi na tisa.
Ghala lilipofungwa, dada akanipa kazi hii:
kushika kadi, kivuli kisinenepe.
Nilicheka. Kazi gani hiyo, kwa mtu mwenye mabega?
Wiki ya tatu nikaanza kuona.

Yai si jeupe.
Upande wa dirisha lina buluu ya mshipa wa mkono,
na ngozi yake ina vitundu, vitundu,
kama pua ya mjomba wetu Dobri.
Kifungo cha shati kina bonde.
Sabuni iliyotumika nusu
ina mgongo wa mtu aliyelala,
na unywele mmoja umezama humo, wa nani hatujui.
Zlatina alikataa kuutoa.

Lakini upawa!
Upawa ni mbea.
Popote utakaposimama umeshakuona.
Tumbo lake la nje limebeba chumba kizima:
taa, dari, miguu mitatu ya kamera,
Zlatina na miwani yake, mwembamba kama uzi,
nami pembeni, dogo la mtu.
Ukiugeuza, sote twaning'inia miguu juu
kama popo.

Tangu asubuhi tunajificha.
Tumetundika shuka jeusi, tumelitoboa tundu la lenzi,
nimejifunga leso usoni kama mwizi wa kuku.
Bado. Kwenye ukingo wa chuma,
nukta moja ya waridi.
"Sikio lako," akasema.
Nikalifunika.
Akabonyeza, mara moja tu,
kisha akanyamaza ule unyamavu wake wa kutoridhika.

Ndipo mlango ulipogongwa.
Stoyanka, aproni kiunoni, rola kichwani:
"Maharagwe yameiva, Spas yuko mezani na kijiko mkononi,
nimpakulie kwa kiganja?"

Akauona kwenye skrini
upawa wake, mkubwa kama mlango wa kanisa.
Akasogea. Hakuuliza hii ni sanaa gani.
Akaweka kidole kwenye mkwaruzo mmoja,
mrefu, mimi nilidhani ni kosa la lenzi.
"Huu ni wa ile baridi mabomba yalipoganda.
Nilivunjia barafu kwenye ndoo,
mtoto akilia anataka maji.
Nilidhani umefutika."

Akauchukua upawa wenyewe,
akaupangusa kwa aproni, pu, pu,
vumbi tulilolipanga kwa brashi punje kwa punje,
akaenda zake.

Nikaanza kushusha kadi.
"Nani amekwambia ushushe?"

Taa ilikuwa bado inawaka
juu ya pasipo na kitu.
Nikatazama vizuri: si kweli.
Kitambaa kilikuwa na kishimo,
kama mto wa kitanda mtu akiondoka alfajiri,
na ndani ya kishimo, kivuli
chembamba, kisicho na mwenyewe.

Zlatina akainama kwenye kamera.
Usipumue.
Sipumui.
Ng'ambo ya ukuta upawa unagonga sufuria,
mara mbili, wa Spas; mara moja, wa mwenyewe.
Leso nimeivua.
Safari hii sikio langu liko wazi.