Kivuli cha Saa Tisa

Kabla ya kupanda ngazi, fundi Mihayo aliniuliza:
"Mwalimu, kivuli cha hapa kwako kinatembeaje?"
Miaka kumi na mmoja nakaa Sikonge, chini ya bati hili hili,
nikaona haya. Sikujua.

Akanipa siku moja na kazi ya chaki.
Jumamosi nzima nikaufuatilia mwarobaini
kama ninavyomfuatilia mtoro:
saa tatu kivuli kiko kwa kuku,
saa sita kimejikunja shinani,
saa tisa, lo, kimeshapanda paa.
Nikachora alama ukutani. Kalunde akacheka,
"Mama anasahihisha jua."

"Jani moja tu likiangukia kona," Mihayo akasema,
"paneli nzima inanuna."
Tukakata tawi. Mti tukauacha,
aliupanda baba yake Kalunde.

Halafu juu. Huko ndiko hesabu ilikoharibikia.
Kenchi ya pili kutoka jikoni ilikuwa mchwa mtupu,
ukiigonga inajibu kama gunzi.
Pesa ya betri kubwa ikageuka mbao za mninga,
betri ikawa ndogo:
taa tatu, redio, simu. Pasi, sahau.

Nilishika ngazi, nikasikiliza anavyomfundisha kijana wake:
toboa mgongoni mwa bati, usitoboe bondeni,
maji nayo yana njia zao.
Usisahau washa ya mpira.
Uso uangalie kaskazini, uiname kidogo,
mvua ya masika ije kuosha vumbi bila kuagizwa.
Chini acha nafasi ya kiganja, upepo upite;
paneli ikipata joto sana inachoka,
kama wewe, Shija, kama wewe.

Waya mwekundu, waya mweusi.
Akavirudia mara tatu, kwa sauti,
maana kwa jirani vilipishana
na chaja ikanuka manyoya ya kuku wiki nzima.

Saa moja usiku Kalunde akabonyeza swichi.
Hakuna aliyepiga makofi.
Tulikuwa tunatazama ukuta:
masizi ya kibatari kama ramani ya nchi tusiyoijua,
na juu ya mlango, pale nisipofika hata kwa kigoda,
alama ya kiganja kikubwa, vidole vyote vitano,
cha mtu aliyejishikiza siku fulani
akiinama kuvua viatu vya shamba.

Chokaa nilishanunua. Mfuko mzima.
Umekaa nyuma ya mlango, naukwepa nikipita.